Kiuno na magoti ya mkulima wa mpunga: je, ute umeisha?

SWALI: Daktari, nina miaka 52, nalima mpunga ekari mbili huku Mbarali. Kiuno kinaniuma mwaka wa tatu sasa, na magoti yanalia nikichuchumaa. Nimepiga picha, nikaambiwa pingili zimesagika. Wengine wanasema ute wa magoti umekauka, nile bamia. Msimu wa kupandikiza nameza diklofenaki mbili kwa siku ndipo niweze kuingia jarubani. Presha pia ninayo, na dawa zake nameza. Je, niache kulima?

JIBU: Shikamoo mama. Kulima usiache. Ila hiyo diklofenaki tuizungumze kwanza, kabla ya jembe na bamia.

Inazima maumivu bila kugusa kinachoyaleta, ndiyo maana unaweza kuinama hadi jioni, halafu usiku ukalipa. Kwa mwenye presha ni mbaya zaidi: huipandisha na kuipunguzia nguvu dawa yake. Ukishinda juani bila maji ya kutosha, figo nazo zinaumia, na tumbo linaweza kupata vidonda. Dawa ya presha endelea nayo kama kawaida. Kwa maumivu, muulize daktari wako kuhusu paracetamol, na kwa magoti ile diklofenaki ya kupaka, ambayo huingia kidogo tu kwenye damu.

Picha isikutishe. Ukiwapiga picha watu wa miaka 50 wasioumwa popote, wengi wao pingili zitaonekana zimesagika vilevile. Ni kama mvi. Bamia kula, ni mboga nzuri, lakini ule mlenda wake hausafiri kwenda magotini. Ute wa goti hutengenezwa na goti lenyewe, na goti hulishwa kwa kutembezwa.

Sasa tuje jarubani. Ukiinama kupandikiza, miguu imenyooka na mgongo umepinda kama upinde, misuli ya mgongo hufika mahali ikalegea, na mzigo ukaachiwa kano zinazoshikilia pingili. Kano zikivutwa hivyo kwa dakika 20 hivi hurefuka kidogo, na ukisimama hazirudi papo hapo. Kwa hiyo kinachonitia wasiwasi zaidi ni unachofanya ukishanyanyuka: unageuka, na hapo hapo unainua beseni la miche linalochuruzika maji. Viuno vingi ninavyovitibu viliumia kwenye beseni, si kwenye miche.

Kila ukimaliza mstari, simama, weka mikono kiunoni, jinyooshe kwa nyuma taratibu mara tano, kisha tembea hatua chache kabla ya kubeba chochote. Beseni likae juu ya tuta, na lijazwe nusu. Ukiinama, kunja magoti kidogo na upinde kwenye nyonga, makalio yaende nyuma.

Asubuhi nako kuna lake. Usiku, zile sahani laini zilizo kati ya pingili hunywa maji na kuvimba. Mtu anapoamka huwa mrefu kuliko jioni kwa sentimeta moja au mbili. Zikiwa zimejaa hivyo, kuinama sana huzibana zaidi. Kwa hiyo kufagia uwanja kwa ule ufagio mfupi kusiwe kazi yako ya kwanza. Waachie vijana, au subiri saa nzima ipite.

Kama skimu yenu inafundisha kilimo shadidi, kijaribu hata kwenye robo ekari. Mche hupandwa mmoja mmoja, sentimeta 25 kwa 25, kwa mistari. Miche ya kushika inapungua, na mistari ikinyooka palizi hufanywa kwa kipalizi cha kusukuma ukiwa umesimama. Mabwana shamba hukisifia kwa mavuno na maji. Mimi nakisifia kwa viuno. Na kwa palizi ya jembe, mpini mfupi ndio adui. Huko California, Marekani, vibarua wa mashambani waliupinga hadi jembe la mpini mfupi likapigwa marufuku mwaka 1975. Wewe huhitaji sheria: mwambie fundi wa mipini gulioni akukatie unaokufika kifuani ukiusimamisha ardhini.

Magoti yanataka mapaja yenye nguvu. Kaa kwenye kiti, simama bila kushika kitu, kaa tena polepole, mara kumi, asubuhi na jioni. Yakiuma kidogo endelea. Goti likivimba, punguza.

Yote haya ni kwa kiuno cha kazi. Kikiambatana na homa, jasho la usiku au kukonda, nenda ukapimwe: TB hushika hata uti wa mgongo, na wanaokunywa maziwa mabichi hupata bruselosisi, inayouma viungo na kiuno vivyo hivyo. Ukiona ganzi katikati ya mapaja, mkojo umegoma au unatoka wenyewe, au mguu unaishiwa nguvu, ni hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku na mvua inanyesha.

Na siku ya kliniki ya presha, beba ile pakiti ya diklofenaki ukawaonyeshe.