Kwa nini daktari hutuambia tuseme "aaa"?

SWALI: Mhariri, mwanangu wa kidato cha tano amerudi na daftari la Kiswahili lililoandikwa kwamba irabu i na u ni za juu, e na o ni za kati, na a ni ya chini. Aliniuliza juu ya nini na chini ya nini, nikashindwa kumjibu, kwa kuwa ninaposema i sioni sauti yangu ikipanda kuliko ninaposema a. Naomba ufafanuzi.
Mama wa watoto watatu, Mbagala, Dar es Salaam

JIBU: Ndugu msomaji, maneno juu na chini hapa hayahusu kupanda na kushuka kwa sauti kama katika kuimba. Yanahusu ulimi: sehemu yake iliyoinuka imekaribia kaakaa, yaani paa la kinywa, kwa kiasi gani wakati irabu inatamkwa.

Jina la mtaa wenu linatosha kuanzia. Tamka Mbagala polepole, nawe utahisi kwamba kila unapofika kwenye a ulimi unarudi kulala chini ya kinywa. Tamka Temeke, na ulimi utasimama katikati mara tatu. Kisha tamka Buguruni: irabu zote nne ni za juu, ila u tatu za mwanzo huinua sehemu ya nyuma ya ulimi, na i ya mwisho huinua sehemu ya mbele. Wengi hudhani kazi hii hufanywa na taya, kwa sababu kidevu hushuka tunaposema a. Mwanao na aume kalamu safi kwa meno, taya lisisogee, halafu aseme i, e, a. Irabu zote tatu zitasikika vizuri, maana ulimi hupanda na kushuka wenyewe. Ndiyo sababu daktari anayetaka kuona koo humwambia mgonjwa aseme "aaa", kwani angesema "iii" ulimi ungejaa kinywani na kumziba asione kitu.

Sikio hutambua tofauti hiyo kwa sababu ulimi unapoinuka mbele, nafasi ya kooni nyuma yake hupanuka, na mwangwi wa kwanza wa sauti, yaani ule mzito kuliko yote unaovuma ndani ya koo na kinywa, huzidi kuwa mzito. Unapolala, nafasi hiyo hubanwa na mwangwi huo hupanda. Kwa mwanamume mtu mzima mwangwi huo huwa karibu na hezi 300 (mitetemo 300 kwa sekunde) katika i, na karibu na hezi 700 katika a.

Ngazi tatu za Kiswahili si sheria ya lugha zote. Mwanzoni mwa karne ya 20 Daniel Jones wa University College London alipoweka irabu 8 za kupimia lugha mbalimbali, alizipanga katika ngazi 4. Kisukuma na Kikuyu zina irabu saba, kwa kuwa kati ya i na e, na vilevile kati ya u na o, ulimi una mahali pengine pa kusimama. Kikuyu huziandika irabu hizo ĩ na ũ, na Mswahili aliyezoea tano huweza kuisikia ĩ kama e ya kawaida.

Jambo ninalotamani kila mwanafunzi alione ni kwamba sarufi yetu yenyewe hufuata kimo cha ulimi kinywani. Twasema pikia, fungia na katia, lakini twasema somea na letea. Mzizi wenye irabu ya kati, yaani e au o, hudai kiambishi chenye irabu ya kati vilevile, na ile mizizi mingine yote huchukua i. Mtoto wa miaka minne hapa mjini husema "nisomee" bila kufundishwa na mtu, na hajawahi kusikia neno irabu. Kiambishi cha kutengua, yaani kinachogeuza maana ya kitenzi kuwa kinyume, kina masharti magumu zaidi: funga hutoa fungua, na choma hutoa chomoa, lakini tega hutoa tegua, wala si "tegoa", ingawa e nayo ni ya kati, kwa sababu hapo o haiji ila ikiitwa na o mwenzake. Mwambie mwanao atafute vitenzi vingine vya namna hiyo, aviandike kwenye daftari lile lile.