Taa ya faiba haiwaki kati ya swichi mbili

Mkuu, kama swichi zote mbili za mtandao (vifaa vya kuunganisha kompyuta) zina umeme ila taa ya poti ya faiba (waya wa nyuzi zinazopitisha mwanga) imezima huku na kule, usikimbilie kununua moduli mpya (kile kipande cha kwenye poti kinachotuma na kupokea mwanga). Badilisha kwanza nafasi za nyuzi mbili, upande mmoja tu: TX (kutuma) ya huku lazima iingie RX (kupokea) ya kule. Ukibadilisha pande zote mbili umerudi ulikoanzia. Mimi nimeshapoteza asubuhi nzima hivyo!

Bado? Soma kilichoandikwa kwenye moduli. Ya 850 nm (nanomita, urefu wa wimbi la mwanga) ni ya multimodi (faiba yenye kiini kipana, ya masafa mafupi), waya wake mara nyingi ni wa rangi ya chungwa. Ya 1310 nm huwa ya singomodi (yenye kiini chembamba, ya masafa marefu), waya wa njano. Moduli za uzi mmoja huenda kwa jozi: huku inatuma 1310 na kupokea 1550, kule kinyume chake. Ukiweka mbili zinazofanana hazitaonana kamwe. Kasi nayo ilingane, 1G (gigabiti moja kwa sekunde) kwa 1G.

Safisha ncha pia, vumbi dogo tu linatosha kuziba mwanga. Ila usichungulie ndani ya uzi: mwanga huo huuoni, na jicho linaumia.