Mtoto hatamtuliza, mwanangu

*Somo, nina miaka 24, naishi Kisauni, na mimba yangu ya kwanza ina miezi sita. Mume wangu ni dereva wa tuktuk. Alishanizaba kofi kabla sijabeba, akaomba radhi. Sasa amezidi: hurudi na muguka, majani ya kulevya, shavuni akisema mimba si yake. Ijumaa alinipiga teke la ubavuni. Damu haikutoka. Mama aniambia nistahimili, mtoto akizaliwa atamtuliza. Nifanyeje?*

Mwanangu, nenda hospitali leo, usingoje siku ya kliniki. Kutoona damu kusikudanganye. Teke huweza kubandua kondo la nyuma kutoka kwenye mfuko wa uzazi, damu ikajaa ndani kwa ndani. Tumbo likikaza kama ubao, maji au damu ikitoka, au mtoto akipunguza kucheza, toka hata kama ni saa nane za usiku. Na usimwambie muuguzi uliteleza bafuni. Bafu za Mombasa zimesingiziwa mengi! Sema ulipigwa, wapi na lini, iandikwe. Kama kundi lako la damu ni hasi, wakumbushe. Huenda ukahitaji sindano ya kuzuia damu yako isije ikashambulia ya mtoto.

Nije kwa mamako. Nimefunda maharusi wengi, na hilo "stahimili" nimelisema mimi pia. Nalijutia. Aliyekupiga kabla ya mimba ndiye wa kuogopwa zaidi mimba ikiingia. Lile kofi la kwanza ndilo lililokuwa habari yenyewe. Wivu wa "si yangu", shida ya pesa, ulevi, kukulia nyumba ya vipigo, yote huzidisha hatari. Lakini muguka usiupe kesi yote. Akisimamishwa na askari wa trafiki, shavu limejaa vile vile, humpiga teke? Humwita "mkubwa". Basi mkono wake anaumudu. Na mtoto huja na kilio cha usiku na matumizi mapya. Atamtulizaje?

Mila yetu imekuachia mlango: mimba ya kwanza mtu huenda kujifungulia kwao. Wewe nenda mapema, hakuna atakayeshangaa. Beba kitambulisho na kitabu cha kliniki. Usimtangazie kwamba hutarudi, maana wengi huumizwa zaidi pale wanapoondoka. Mamako akikurudisha, kimbilia kwa mama mdogo au yeyote mwenye moyo.

Coast General, ile tunayoiita Makadara, ina kitengo cha waliofanyiwa ukatili. Polisi uliza dawati la jinsia, upewe fomu ya P3, ile ya kuandikia majeraha, daktari aijaze. Kwa sheria ya mwaka 2015 ya kukinga watu na ukatili wa nyumbani, mahakama yaweza kumkataza asikukaribie. Talaka ukiitaka, kadhi yupo, ila hilo lingoje. Namba 1195, ya msaada kwa waliofanyiwa ukatili, hupigwa bure.

Ukishafika hospitali niandikie hata neno moja, kwa simu ya mtu mwingine. Barua uliyonitumia, ifute kwenye yako.