Shangazi, niache kazi mwenyewe kabla hawajanipunguza?

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni karani wa stoo, mwaka wa saba sasa. Niliajiriwa Tanga, kampuni ikanihamishia Dar es Salaam. Mshahara wa msingi ni 650,000, kazi siku sita kwa wiki. Ijumaa tumepewa tangazo kwamba kuna mpango wa kupunguza wafanyakazi na wiki ijayo kuna kikao. Nimerudi juzi tu kutoka likizo ya uzazi, naona wa kwanza ni mimi. Shoga yangu ananishauri niandike barua ya kuacha kazi, niondoke na heshima yangu. Mume wangu sijamwambia, maana tunalipia kiwanja kwa awamu. Nifanyeje? – Mama K., Tabata*

Marahaba mwanangu, na hongera ya mtoto.

Barua hiyo usiandike. Hiyo heshima anayoisema shoga yako ina bei, na mlipaji ni wewe.

Hebu chukua kalamu. 650,000 gawanya kwa 26, unapata 25,000 kwa siku. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka ukipunguzwa ulipwe kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka kumi. Wewe umekamilisha sita: 175,000 mara sita ni 1,050,000. Ndiyo, ni hiyo tu. Mamilioni yanayosimuliwa mitaani ni ya waliokuwa na mkataba mnono au chama cha wafanyakazi chenye meno. Juu yake weka siku ulizofanya kazi, likizo ambayo hukuichukua, na notisi ya siku 28 au malipo yake. Halafu kuna usafiri wako na mizigo yako kurudi Tanga ulikoajiriwa. Hili husahaulika sana, na anayesahau huwa ni mwajiri.

NSSF nako kuna fao la kukosa ajira: asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita, kwa aliyechangia angalau miezi 18. Aliyeacha kazi mwenyewe hapewi. Kiinua mgongo nacho hakipati. Kwa hiyo kabla ya kikao, pitia NSSF uchukue taarifa ya michango yako, uone kama makato yote yamefika. Wapo waajiri wanaokata na hawapeleki, na mtu anakuja kugundua siku amebeba boksi lake getini.

Sasa hicho kikao. Tangazo ulilopewa si barua ya kukuachisha. Sheria inamtaka mwajiri aeleze nia yake mapema, kisha mjadiliane sababu, njia za kuepuka au kupunguza idadi ya watakaoondoka, vigezo vya kuwachagua, tarehe na malipo. Nenda na daftari. Uliza vigezo ni vipi na uviandike mbele yao. Kutoka likizo ya uzazi si kigezo, na ukiona majina yanaelekea kwa waliotoka kujifungua tu, liseme hapohapo.

Watakapokuletea karatasi, soma kichwa chake kabla hujagusa peni. Orodha ya mahudhurio saini. Ikiwa ni makubaliano ya kuachana kwa hiari, hata ukiambiwa "saini sasa, hela inaingia kesho", jibu lako ni moja: naomba nikaisome nyumbani. Hakuna sheria inayokulazimisha kusaini siku hiyohiyo.

Wakikuondoa bila kufuata utaratibu, una siku 30 kupeleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Zisikupite ukisubiri simu ya bosi.

Mumeo mwambie leo, na hizo hesabu mkononi. Kiwanja ni cha wote wawili, na muuzaji akifuatwa mapema hukubali kupunguza kiasi cha awamu kirahisi kuliko akiombwa msamaha baada ya miezi miwili ya kimya. Asije akayasikia kwa huyo shoga yako.

Kazi nyingine anza kuitafuta sasa. Ukiipata kabla ya tarehe ya kuondoka, usitoroke: waombe kwa maandishi wakuachie mapema kama mmoja wa waliopunguzwa, na stahiki zako zote pamoja na cheti cha utumishi. Kama kweli wanataka kupunguza watu, hawana sababu ya kukukatalia.