Mradi wa nchi tatu: kipi kibaki nyumbani, kipi kivuke mpaka?

SWALI: Shikamoo. Naishi Hamburg na naratibu upande wa Ujerumani katika mradi wa Erasmus+ (mpango wa Umoja wa Ulaya wa kufadhili elimu) wa ushauri wa masomo na kazi kwa vijana. Washirika wetu wako Finland na Uhispania. Mikutano ya pamoja inatumaliza, na washauri wa hapa wanauliza wanapata nini. Tukizama kwenye kazi za hapa, washirika wanasema tumewatenga. Nigawe vipi?

JIBU: Marahaba. Ukigawa kwa saa utagombana na kila mtu. Gawa kwa aina ya swali.

Linalosimama juu ya sheria na mpangilio wa shule liamuliwe nchini. Mkataba wa Utendaji wa Umoja wa Ulaya, kifungu cha 165, umeacha elimu mikononi mwa nchi wanachama, na huko kwenu imeshuka hadi kwa majimbo 16. Niliwahi kuratibu mradi ulioandika kitini kimoja cha nchi zote. Kilichukulia kwamba mtoto huchagua njia akiwa na miaka 15 au 16, kama Finland, ambako wote husoma pamoja mpaka umri huo. Washauri wa Ujerumani walikifunga mapema tu: wanafunzi wao wengi walishatenganishwa shule baada ya darasa la nne. Kazi ya miezi minane ikalala kabatini, na vijana tuliowalenga hawakupata kitu. Inaniuma mpaka leo.

Kinachovuka mpaka vizuri ni ufundi wa mshauri: jinsi ya kukaa na kijana aliyekata tamaa, au na mzazi asiyejua lugha ya shule. Finland wana vituo vya Ohjaamo, ambako aliye chini ya miaka 30 huingia bila miadi na kukuta huduma nyingi chini ya paa moja. Hamburg nayo ina Jugendberufsagentur, wakala wa ajira na mafunzo kwa vijana, tangu 2012, kwa walio chini ya miaka 25. Hapo mna jambo la kuzungumza! Peleka washauri wawili wa shuleni, si wewe mratibu, wakakae siku tatu wakitazama wenzao wanavyofanya kazi. Wakirudi, wajaribu jambo moja tu, kwa wiki sita.

Mkutano wa pamoja uje baada ya jaribio. Kila nchi ilete kisa kimoja halisi, jina la kijana limefichwa, na jambo moja lililoshindikana. Taarifa za maendeleo zitumwe kwa barua pepe.

Halafu fungua andiko la mradi. Kama ruzuku yenu ni ya mkupuo, yaani kiasi kimoja kilichopangwa tangu mwanzo (euro 120,000, 250,000 au 400,000), malipo hufuata mafungu ya kazi yaliyokamilika, yaani sehemu ambazo mradi umegawanywa, na fungu la usimamizi wa mradi halivuki asilimia 20 ya ruzuku. Je, majaribio ya Hamburg yameandikwa ndani ya fungu lolote? Kama hayamo, washauri wako wanajitolea, na ndiyo maana wamechoka. Mwombe mratibu mkuu apeleke ombi la marekebisho kwa wakala wa taifa wa nchi yake, ofisi inayosimamia Erasmus+ huko, kabla ya mkutano ujao.