Barua kwa mwanangu aliyeniuliza Dar au Dodoma

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unauliza, kwa mtu wa miaka 32 mwenye mtoto mdogo, ofisi ikimhamishia Dodoma aende au ang'ang'anie Dar. Mi ningependa unijibu kwanza, huyo mjukuu wangu anakuona saa ngapi?

Kimara ya Dar umezaliwa lakini kuna jioni moja sijawahi kukusimulia. Ilikuwa 1995, una miaka miwili, mimi natoka saa kumi na moja alfajiri nagombania daladala kwenda Kariakoo, nikirudi saa tatu usiku ushalala. Siku hiyo mvua ilikuwa kubwa tukafunga duka mapema, nikafika bado kweupe, nikakukuta kibarazani kwa jirani unalishwa uji kwa kile kikombe cha bati cha bluu. Nikanyoosha mikono, njoo kwa mama. Ukaing'ang'ania khanga ya yule mama ukajificha nyuma yake, ukamwita yeye mama. Akacheka kwa aibu, na mimi nikajichekesha, nikaingia ndani sikuwasha hata taa.

Ndo tukahamia Tanga, yale mabegi mawili na godoro juu ya basi. Baba yako aliacha mshahara mzuri na ndugu wakasema tumerudi nyuma, lakini kutoka Ngamiani hadi kazini ilikuwa baiskeli tu, magharibi wote tuko mkekani tunakula. Ndo maana nasemaga kila siku, mji wa mwenye mtoto mdogo ni ule unaokurudisha nyumbani jua halijazama.

Sasa usije ukasema mama anaichukia Dar. Nilipokuwa na miaka 20, sina mume sina mtoto, Kariakoo ndo ilinipa mtaji na ikanifundisha kuhesabu hela, Tanga isingeweza. Na wewe mwenyewe ulipomaliza chuo, Tanga hukupata kazi, ikabidi urudi kulekule nilikokutoa, hilo nalo nimeliwaza sana. Tena tangu 2016 kuna mabasi ya mwendokasi ya Kimara hadi Kivukoni, labda yangekuwepo enzi zetu tusingehama. Labda.

Dodoma nilifika kwa shangazi yako. Vumbi na upepo, mvua msimu mmoja tu kwa mwaka, samaki wa bahari utamkumbuka. Ila zabibu nilikula mpaka basi, na shangazi yako saa kumi na moja jioni alikuwa keshafika nyumbani kavua viatu. Na siku hizi kuna treni ya SGR, masaa kama manne uko Dar. Ukienda usikimbilie kujenga, panga karibu na shule ya mtoto, na kabla hujalipa kodi waulize majirani maji yanatoka siku ngapi kwa wiki.

Baba yako kanikataza kukuamulia, anasema mtu mzima haamuliwi. Basi sikuamulii. Ila yale mabegi mawili bado yako juu ya kabati, juzi nimeyashusha nikayapangusa vumbi, zipu zote bado nzima.

Mama yako