Usiitupe Simu Yako kwa Neno la Fundi

Msomaji mmoja wa Nakuru ameniandikia kwamba fundi amemwambia simu yake ya Samsung Galaxy S5 imefika mwisho, anunue nyingine. Imeniuma kusoma hivyo. Maneno hayohayo niliambiwa hapa Kisumu mbele ya wateja wengine, na kijana aliyeishika S5 yangu kwa vidole viwili kana kwamba inanuka. Leo simu hiyo iko ufukwe wa Dunga, dada yangu anapokea oda za samaki kwa WhatsApp.

Samsung waliitoa 2014 ikiwa na mfumo wa Android, toleo la 4.4, na kuacha kuisasisha ilipofika 6.0.1. Walioiendeleza ni watu wa LineageOS, mradi wa kujitolea unaotengeneza matoleo ya Android kwa simu mbalimbali, uliozaliwa mwisho wa 2016 baada ya mradi ulioutangulia, CyanogenMod, kufungwa. Wakaifikisha Android 11, bila kudai hata shilingi. Nilijifunza mwenyewe kuuweka mfumo huo, nikisoma maelekezo usiku watoto wakiwa wamelala, na ilipowaka na mfumo mpya nilimwamsha mke wangu aje aione. Ninajivunia kazi ile mpaka sasa.

Basi, ndugu yangu, anza na namba ya modeli. Fungua kifuniko, toa betri, soma kibandiko. G900F na G900H ni pacha kwa sura, lakini moja ina chipu ya Snapdragon na nyingine Exynos. Romu, yaani faili la mfumo, ya hii si ya ile. Kisha tafuta modeli yako kwenye tovuti ya maelekezo ya LineageOS (LineageOS Wiki), uone kama bado inahudumiwa. Hamisha picha na namba za watu, maana kila kitu kitafutika. Hatua nyingine zimeandikwa hukohuko, zifuate zilivyo. Na kabla ya kuflashi, yaani kuuweka mfumo mpya, soma namba ya modeli tena.

Tumezoeshwa kuamini kwamba kampuni ikichoka na simu, nasi tuichoke. Tukatae! Pesa ya simu mpya ni karo ya mtoto. Jifunze, kisha mfundishe jirani.

Kuhusu M-Pesa, usiwe na hofu: menyu ya laini na *334# zinafanya kazi kama kawaida. Programu za benki ndizo huweza kugoma zikigundua mfumo si wa kiwandani, kwa hiyo iulize benki yako kama ina huduma ya USSD, ile ya kupiga namba kama *334#, kabla hujaanza.